Anayepigwa Ndiye Fundi

Katika Mouse Trouble, katuni fupi iliyotolewa mwaka 1944, paka Tom anajifungia ndani ya sanduku la zawadi lenye utepe, mbele ya tundu la panya Jerry. Jerry anatoka, anaona zawadi, anabisha hodi juu ya sanduku. Hakuna jibu. Analichoma kwa pini. Tom hatoki. Mwishowe panya analeta msumeno na kulikata sanduku katikati, bila haraka, kama seremala anayelipwa kwa siku. Muda wote huo tunaona sanduku, msumeno na Jerry aliye kazini. Akimaliza anachungulia ndani, anameza mate, anatugeukia sisi tunaotazama, kisha anainua bango linalouliza kama ukumbini kuna daktari.

Jeraha lenyewe halikuchorwa. Wachoraji walikuwa na uwezo wote wa kutuonyesha paka aliyekatwa vipande viwili, maana katika filamu zao nyingine wamefanya makubwa kuliko hayo. Hapa waliamua kutupa uso wa panya aliyeona kitu tusichokiona, na kila mtazamaji akakimalizia kichwani mwake. Uamuzi huo unaonekana mdogo. Mimi nauhesabu kuwa miongoni mwa maamuzi mazuri kuliko yote yaliyowahi kufanywa katika sanaa ya kuchekesha.

Watu wengi humpenda Jerry. Ni mdogo, ni mjanja, na hushinda. Nataka kumsifu Tom, na kupitia kwake kuwasifu waliomchora, kwa sababu katika vichekesho vya kuanguka na kupigwa, kazi ngumu iko kwa anayepigwa. Jerry anavuta kamba na kukimbia. Tom ndiye anayepaswa kutumaini, kunyemelea, kuona, kuelewa, kuumia, na kutumaini tena, yote ndani ya dakika saba au nane, na karibu yote bila kutamka neno.

Hili lilinikaa vizuri zaidi nikiwa Mkiwa, mkoani Singida. Mkiwa ni njia panda. Lami inayotoka Dodoma na Manyoni kwenda Singida mjini inakutana hapo na barabara ya Itigi, ile ambayo ukiishikilia itakupitisha Rungwa mpaka uingie mkoa wa Mbeya. Mahali pa namna hiyo hujaa watu wenye mizigo wanaongoja gari. Kwa mama lishe mmoja kulikuwa na televisheni ndogo ya umeme wa jua, flashi imechomekwa pembeni, na katuni za Tom na Jerry zikienda moja baada ya nyingine. Waliotazama ni mzee mwenye gunia la alizeti, wajukuu wake wawili, utingo wa lori na mimi.

Tom alipoingia sandukuni, mzee akaanza kucheka. Mjukuu mdogo akamshika goti. “Babu, bado! Subiri kwanza.” Mzee akajizuia. Pini zikaingia. “Bado, babu.” Msumeno ukaanza. Utingo alikuwa ameinua kikombe cha chai, kikabaki hewani, hakunywa wala hakukirudisha mezani. Jerry alipochungulia na kumeza mate, wote wakaachia kwa pamoja, na mama lishe naye akacheka kule jikoni, kwa kusikia vicheko vyao tu. Bango la Kiingereza likainuliwa. Hakuna aliyelisoma wala kuuliza limeandikwa nini, maana kicheko kilikuwa kimeshatoka.

Mtoto yule alikwishaiona filamu hiyo, tena inaonekana si mara moja. Alijua kila kitakachotokea. Na bado alikuwa akimlindia babu yake kitu fulani, asikipoteze kwa kucheka mapema. Alikuwa anamlindia ule muda wa kungoja. Mtoto ambaye hajawahi kusikia jina la mtengenezaji yeyote wa filamu alikuwa ameshaifahamu siri ambayo watu wawili huko California waliifanyia kazi kwa zaidi ya miaka kumi na mitano.

Fikiria safari ndefu ambayo filamu hiyo imesafiri. Zanzibar ilipata televisheni, tena ya rangi, katika miaka ya mwanzo ya 1970. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni mpaka mwaka 1994, miaka hamsini kamili baada ya Mouse Trouble kutoka. Zikaja kanda za video kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea filamu mitaani, zikaja CD na deki, zikaja flashi na simu. Katika vibanda hivyo filamu za Marekani, India na Hong Kong zilihitaji mkalimani, na mkalimani mzuri alikuwa nyota kuliko waigizaji wenyewe. Lufufu alijenga jina lake Tanzania kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya kanda, na Kenya wakawa na DJ Afro. Tom na Jerry hawakuhitaji msimulizi. Mtu anaweza kusema ni kwa sababu hawazungumzi, lakini bubu anaweza kuchosha pia. Hawakuhitaji msimulizi kwa sababu kila wazo linalopita kichwani mwa Tom limeshachorwa usoni, mabegani na mkiani kabla hajatenda lolote.

William Hanna na Joseph Barbera walikutana kwenye studio ya katuni ya MGM mwaka 1937. Barbera alikuwa kijana wa New York aliyeacha kazi ya benki ili achore. Hanna alitoka New Mexico, alisomea kidogo uhandisi wa majengo, alipenda muziki na kutunga nyimbo. Filamu yao ya kwanza ya paka na panya, Puss Gets the Boot, ilitoka tarehe 10 Februari 1940. Paka wakati huo aliitwa Jasper. Wakubwa wa studio hawakuona sababu ya kuendelea, kwani paka na panya lilikuwa wazo lililochakaa hata siku hizo. Watazamaji wakaamua vinginevyo. Yakashindaniwa majina mapya, mchoraji John Carr akapendekeza Tom na Jerry na kupata dola 50. Kufikia mwaka 1958, filamu zilikuwa 114, na saba kati ya hizo zilishinda Oscar, Mouse Trouble ikiwa mojawapo.

Waligawana kazi kwa namna ambayo naiona kuwa ndiyo chanzo cha kila kitu. Barbera alibuni vituko na kuvichora kwa haraka, picha baada ya picha, zikabandikwa ukutani. Hanna aliketi na karatasi na kidude cha kuhesabia mapigo ya muziki, akaamua kila tendo lichukue muda gani. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde. Fremu 12 ni nusu sekunde, fremu 6 ni robo. Filamu ya dakika saba ina fremu zaidi ya elfu kumi, na hakuna hata moja inayojitokeza yenyewe. Yupo mtu aliyeketi akaamua iwepo. Mwigizaji wa jukwaani akikosea muda wa kuanguka leo, atarekebisha kesho. Hanna alipaswa kusikia kicheko cha ukumbi mzima kabla hata mstari mmoja wa penseli haujachorwa, akaandika kwa namba kwamba hapa paka atulie fremu nane, hapa kumi na sita.

Tazama sufuria ikimwangukia Tom. Mtu asiye fundi angeiangusha, ikalia, paka akawa bapa, basi. Kwao kuna hatua zaidi. Tom anatazama juu. Anaiona. Kisha inakuja sehemu ambayo haina mwendo wowote. Macho yanabaki juu, masikio yanaanza kulala, na mwili unajua kabla ya akili. Mara nyingine anapata nafasi ya kututazama sisi, kama vile kuna la kufanya kutoka kwetu. Ndipo sufuria inatua. Pigo lenyewe ni fupi ajabu, fremu chache tu, na baada ya hapo wanatulia tena ili tuusome uso wake. Kwa hesabu hiyo, sehemu kubwa ya kinachoitwa katuni ya fujo ni utulivu.

Wale ambao wamemtazama mchekeshaji Mzee Majuto wanajua ninachosema. Amri Athumani wa Tanga, aliyefariki tarehe 8 Agosti 2018, hakuwa mwepesi wa viungo katika miaka yake ya mwisho, na hakuhitaji kuwa mwepesi. Alikuwa na uso uliojua kuchelewa. Habari mbaya ingemfikia, nasi tungeiona ikifika machoni, ikishuka mdomoni, ikirudi machoni, na yeye akiendelea kusimama vilevile. Tulicheka wakati habari bado iko njiani. Wachoraji wa MGM waliifanya kazi hiyohiyo kwa penseli. Majina yao yapite hapa kwa heshima: Kenneth Muse, Irven Spence, Ed Barge, Ray Patterson, na wengine waliokuja na kuondoka. Walikuwa waigizaji waliokaa kwenye viti.

Mouse Trouble ina jambo jingine ninalolipenda. Kwa kawaida Tom hupona papo hapo. Anasagwa, anapasuka, meno yanamwagika vipandevipande, na picha inayofuata ni mzima kabisa. Katika filamu hii waliamua madhara yabaki. Tom amepokea kwa posta kitabu cha kufundisha kukamata panya, na kila sura anaijaribu. Bunduki inamgeukia na kumwondoa nywele za utosini, basi kutoka hapo mpaka mwisho anavaa nywele za bandia za rangi ya machungwa. Baada ya msumeno anaonekana amefungwa bandeji kiunoni. Sura moja inamhakikishia kwamba panya aliyebanwa pembeni kamwe hapigani. Tom anambana. Anapata kichapo, kisha anarudi mbele yetu hoi bin taabani na kutuambia, kwa sauti yake mwenyewe, tusiamini maneno hayo. Kila anapofungua ukurasa mpya tunaisoma historia yake yote mwilini mwake, na bado anafungua ukurasa. Hapo ndipo nampendea. Anakiamini kitabu kuliko bandeji zake.

Vituko vyao vingi vilirudiwa mpaka kila mtoto akavijua kwa moyo. Tom akimeza kitu au akigonga kitu, mwili wake hupata umbo la kitu hicho. Mkia hunaswa mlangoni, mtegoni, kwenye soketi ya umeme. Tom anakimbia huku akitazama nyuma. Reki imelala kwenye nyasi. Jerry anageuza kona, Tom anageuza kona, na nyuma ya kona yupo Spike, yule mbwa mwenye kifua kipana. Wapo wanaosema huku ni kukosa ubunifu. Naona kinyume chake. Kituko kikishajulikana, mtengenezaji hana tena msaada wa kushtukiza, amebaki na ufundi peke yake. Anapaswa kuwatimizia watu kile wanachokingoja kwa njia ambayo hawakuiwazia.

Quiet Please! ya mwaka 1945 ndiyo mfano ninaourudia kwa furaha. Spike anataka kulala na makelele yamemchosha. Anamwambia Tom kwamba akisikia mlio mwingine, atamchuna ngozi. Kwa sharti hilo moja, kila kituko tulichokizoea kinageuzwa kichwa chini miguu juu. Jerry sasa anataka vitu vianguke, na Tom, bingwa wa kuvunja nyumba, analazimika kuwa mlinzi wa ukimya. Jerry anaelekeza bunduki, Tom anawahi kuuzuia mlio usimfikie Spike. Balbu za taa zinamwagwa juu yake, anazidaka zote kwa mikono na miguu, amelala sakafuni hajiwezi, lakini hakuna iliyovunjika. Umepumua, umefikiri imekwisha. Jerry anauchukua mkia wa Tom, anauchomeka kwenye soketi, na balbu zote zinawaka. Ni kituko kilekile cha mkia na umeme. Safari hii kimekuja wakati ambapo Tom hawezi hata kupiga yowe.

Wasimulizi wetu wanaijua kazi hiyo tangu zamani. Katika hadithi za Sungura na Fisi, hakuna mtoto anayeuliza nani atashindwa. Fisi atashindwa. Mkoa wa Singida ni nchi ambayo fisi ni sauti ya usiku ya kweli, na ni palepale ambapo mtoto hudai hadithi ya Fisi irudiwe ile ya jana, isibadilishwe. Ukitazama vizuri utaona Sungura ana kazi ndogo katika masimulizi hayo. Hila yake hueleweka kwa sentensi mbili. Msimulizi mzuri anatumia muda wake kwa Fisi: mate yanavyomtoka, anavyojishauri, anavyojiambia kwamba mara hii nyama ni yake. Bibi anayesimulia huvuta maneno hapo, hutazama watoto, hunyamaza. Ule unyamavu wake ndio fremu kumi na sita za Hanna.

Na sauti. Mtu akiniuliza aanzie wapi kuzijua filamu hizi, nitamwambia afumbe macho asikilize moja yote. Scott Bradley, aliyetunga muziki wake, hakuweka nyimbo za kupamba. Alifuata karatasi ya muda ya Hanna, tendo kwa tendo, kiasi kwamba hatua ya kunyemelea ina chombo chake, kukonyeza kuna noti yake, na mlango ukibamizwa okestra nzima inabamizwa nao. Katika Puttin’ on the Dog ya mwaka 1944 alitumia utunzi wa noti kumi na mbili, mtindo uliokuwa ukichukuliwa kuwa wa wasomi wa kumbi za Vienna, ili kusindikiza kichwa cha mbwa kinachotembea juu ya mwili mdogo wa panya. Watu walicheka bila kujua wamesikiliza nini. Ukelele wa Tom nao, ule mkali unaokatika ghafla, ni wa Hanna mwenyewe. Aliurekodi, kisha akakata mwanzo wake na mwisho wake, akaacha kile kipande cha katikati ambacho kimeshafika kileleni. Ndiyo maana unatupata bila kutuonya.

Kilele cha kazi hiyo kwangu ni The Cat Concerto ya mwaka 1947. Tom anaingia jukwaani amevaa koti la mikia, anainama kwa heshima, anaketi kwenye piano na kuanza Rapsodia ya Hungaria Namba 2 ya Franz Liszt. Jerry amelala ndani ya piano, juu ya vinyundo. Anaamshwa na muziki. Kuanzia hapo vita vyote vinapiganwa ndani ya kazi moja ya muziki ambayo haiwezi kusimama, kwa sababu watu wamelipa kiingilio na wamekaa. Vidole vya Tom vinatua kwenye vibao vinavyolingana kwa karibu sana na noti tunazozisikia, na hilo peke yake lilitaka wachoraji wasikilize kwa subira ya ajabu. Tom anambetua panya kwa kidole na kuendelea kupiga. Jerry anambamizia kifuniko vidoleni. Jerry anaondoa vibao viwili na kuweka mtego wa panya mahali pake, nasi tunaona kidole kikipita kulia kwa mtego, kushoto kwa mtego, kulia tena, huku muziki ukizidi kasi. Mtoto wa Mkiwa angesema bado, bado. Kinanaswa pale tu tulipoanza kuamini kwamba kitapona.

Kinachoifanya filamu hiyo iwe kubwa ni uso wa Tom. Hakubali kuonyesha. Ana maumivu, ana hasira, anapiga kwa miguu huku mikono ikimsaka panya, lakini kila anapokumbuka ukumbi anarudisha kope zake nusu, anainua kidevu, anakuwa msanii. Mwishoni Jerry anavunja vinyundo viwili na kuupiga mwenyewe ule mwisho wa wimbo kutoka ndani ya piano, na mikono ya Tom inalazimika kuufuata. Wimbo unaonekana umeisha, Jerry anaurudia. Tom anaanguka hoi, kola imefunguka, nywele zimetawanyika. Makofi yanapigwa, na taa ya jukwaani inamwendea panya.

Kuna habari ya zamani katika nchi hii inayofaa kuwekwa kando ya filamu hizo. Mwaka 1935 hadi 1937 kulikuwa na mradi wa sinema uliokaa Vugiri, milima ya Usambara, chini ya Meja Notcutt, ukitengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi. Muda mfupi baadaye Uingereza ikaunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, na mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwa miaka mingi kwamba mtazamaji wa Kiafrika asiyesoma anahitaji filamu ya polepole, picha ndefu zisizokatwakatwa, bila hila za kamera. Katika miaka hiyohiyo, upande wa pili wa bahari, zilikuwa zikitengenezwa filamu zenye kasi kuliko zote, zilizojaa hila kuliko zote. Leo zinatazamwa njia panda na mtu mwenye gunia la alizeti na mjukuu asiyejua kusoma, na wanazielewa mpaka ndani kwenye fremu. Nasikitika kwamba nadharia ya Sellers ilitunyima miongo kadhaa ya kucheka vizuri.

Wala filamu zenyewe hazina usafi wote. Mwanamke mweusi mwenye nyumba au mtumishi, ambaye mara nyingi tunaona miguu yake na soksi zake tu, alichorwa kwa dharau ya Marekani ya wakati huo, ingawa Lillian Randolph aliyempa sauti alikuwa mwigizaji wa kweli. Baruti inapolipuka na uso wa Tom ukageuka mweusi wenye midomo mikubwa, kituko kinachochekwa ni sisi. His Mouse Friday ya mwaka 1951 inatuchora kama walaji watu. Katika miaka ya 1960 baadhi ya filamu zilichorwa upya kwa ajili ya televisheni, mwanamke yule akaondolewa. Ninapotazama na watoto, vipande hivyo navieleza, sivirushi. Na nitasema pia kwamba ni vituko dhaifu hata kwa ufundi. Havina kungoja ndani yake. Mlipuko unatokea na uso umeshabadilika, hakuna wazo lililopita kwa Tom, hakuna alichokitumaini. Dharau iliwafanya mafundi wale wavivu kwa sekunde chache.

Kwamba ufundi ulikuwa wa Hanna, Barbera na wachoraji wao, wala haukuwa mali ya paka na panya, kulionekana walipoondoka. MGM ilifunga studio yake ya katuni mwaka 1957. Miaka michache baadaye Gene Deitch alipewa kazi ya kutengeneza filamu 13 mpya akiwa Prague, kwa fedha kidogo. Paka ni yuleyule, panya yuleyule, nyundo zipo. Lakini mwendo unaruka, sauti zina mwangwi wa ndani ya pipa, na Tom anaumia bila kwanza kuelewa kwamba ataumia. Zinaogofya kidogo. Chuck Jones akafuata na filamu 34 kati ya mwaka 1963 na 1967. Alikuwa fundi mkubwa, na picha zake ni nzuri, ila Tom wake ana nyusi za mtu mwenye mawazo mengi. Anapiga pozi, hatumaini. Nazitazama kwa adabu na kurudi kwenye zile za 1944 na 1945.

Hanna na Barbera wenyewe walihamia televisheni, ambako bajeti ilikuwa ndogo mno kuliko ya sinema. Wakaja na The Flintstones mwaka 1960 na vipindi vingi vya aina hiyo. Walipunguza michoro kwa akili sana: mhusika akapewa kola au tai shingoni ili kichwa kiweze kuchorwa peke yake na mwili ubaki palepale, ukuta na miti ya nyuma ikazungushwa mara kwa mara, na pigo likatokea nje ya picha tukalisikia tu. Kilichokuwa kikisemwa na mabega ya Tom sasa kilipaswa kusemwa na mdomo, kwa Kiingereza. Vipindi hivyo vina uchangamfu wake na viliwapa watu wengi kazi. Lakini ukivipeleka kwa mama lishe wa Mkiwa, utahitaji kumpeleka Lufufu pamoja navyo.